Mshale Uliotupeleka Mpanda

Chanji, Sumbawanga
Jumamosi jioni

Mwanangu Gaudensia,

Wanafunzi saba tu wa Kidato cha Tatu ndio waliochagua fizikia katika shule unayokwenda kuanzia kazi, na wasipofika kumi na tano kufikia Ijumaa, somo hilo halitafundishwa tena kwa kidato hicho. Hayo amesema mkuu wa shule hiyo leo alasiri, kwa simu. Wewe ulimsikia kwa sababu ndiye uliyepigiwa. Mimi nilimsikia kwa sababu uliweka spika, mkono wako mwingine ukiwa umeshika pasi.

Nimeanza na aya hiyo kwa mazoea. Nimekuwa mwandishi wa habari za redio katika mkoa huu tangu kabla hujazaliwa, na sijui kuanza kwa namna nyingine. Jambo jipya kwanza, na aliyelisema. Mengine yanafuata.

"Shikamoo mkuu," ulisema.

"Marahaba mwalimu. Karibu ziwani. Nimeona nikueleze mapema usije ukafika ukashtuka."

Akaeleza kwamba wamekaa muda mrefu bila mwalimu wa fizikia. Watoto wa vidato vya chini walikuwa wakinakili maelezo ambayo mwalimu wa jiografia aliyaandika ubaoni, naye aliyatoa kitabuni bila kudai kwamba anayajua. "Wamechoka kuandika wasichokielewa," alisema. "Wengi wamenikimbilia upande wa historia."

"Na wakibaki hao saba?"

"Nitakupa hisabati na jiografia. Siwezi kumweka mwalimu mzima kwa watu saba wakati Kidato cha Kwanza wamebanana kama dagaa. Utaanza na mada gani?"

"Skala na vekta, mkuu. Ndiyo ya kwanza kwa Kidato cha Tatu."

"Ile ya mishale?"

"Hiyohiyo."

"Haya mwalimu. Mungu akusaidie."

Ulikata simu, ukaendelea kupiga pasi mkono wa gauni ambao ulikuwa umeshanyooka. Kisha ukasema bila kunitazama, "Mama, ningepewa hata mada ya umeme." Sikukujibu. Nina tabia ya kutojibu jambo kabla sijalipanga, unaijua. Jibu lenyewe ndilo hili.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kukaa na mwenye nyumba, baba yako ameshayasema yote, mengine mara mbili. Siyarudii.

Nianze na jikoni. Juni iliyopita, ulipokuwa unasubiri ajira, tulikuwa tumelizunguka jiko la mkaa sisi watatu, na wewe ulikuwa unanieleza unachopenda kufundisha. Ulisema kuna viasi ambavyo ukishataja ukubwa wake umemaliza: masi ya gunia, muda wa safari, joto la uji. Hivyo ni skala. Kuna vingine ambavyo ukitaja ukubwa peke yake hujamaliza, mpaka useme vinaelekea wapi: kani ya anayesukuma, mwendo wa upepo. Hivyo ni vekta. Nikakuuliza kama baridi nayo ni vekta, kwa sababu nimesoma taarifa za nchi ambako husema hasi kumi, na hiyo hasi niliidhani ni upande.

"Hapana mama. Kiwango cha joto hakielekei popote. Hasi ni kusema kipimo kimeshuka chini ya sifuri, basi."

"Mbona hii ya hapa inaelekea magotini kwangu?"

"Hilo ni joto la magoti yako linatoka, mama. Hakuna baridi iliyokuja."

Baba yako akasema, "Basi fungeni mlango lisiondoke lote."

Nilicheka, na nikaelewa. Mambo ya fizikia ninayoyaelewa ni machache, na karibu yote niliyapata kwa kuuliza swali la kijinga kwa mtu ambaye hakuniona mjinga.

Hukuwa umeanza shule bado mwaka ule upepo ulipoezua nyumba upande wa Kate. Nilikwenda kwa bwana wa hali ya hewa, akanipa kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa, nikaisoma redioni katika taarifa mbili mfululizo. Niliona nimefanya kazi nzuri, kwa sababu wenzangu wote walisema "upepo mkali" wakaishia hapo. Kesho yake mtu wa Kate akapiga simu studio.

"Wewe ndiye uliyetangaza ule upepo?"

"Ndiye mimi."

"Kasi yake tumeisikia. Ulikuwa unaelekea wapi?"

"Nani?"

"Upepo, mama. Mimi nilikuwa nimelala Chala. Nimerudi nimekuta kuta tupu. Hayo mabati yangu niyatafute upande gani?"

Nilirudi kwa yule bwana. Mwelekeo ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ileile, pembeni mwa kasi. Sikuwa nimeusoma kwa sababu niliuona kama pambo. Nikampigia yule mtu, akayakuta mabati yake katika shamba la ulezi la mtu mwingine, yamejikunja, na huyo mwingine akidai fidia ya ulezi. Wale wawili waligombana msimu mzima, lakini hiyo ni habari nyingine. Kwangu ilibaki hivi: namba yangu ilikuwa sahihi na haikumsaidia.

Habari hii umeisikia mara nyingi. Umeshaitumia hata kunitania mbele ya wageni. Ya Chala ndiyo hatujawahi kuizungumza vizuri.

Ulikuwa Chala kwa mazoezi ya kufundisha. Mimi nilikuwa nimekuja kuandika habari za soko la mahindi, na mkuu wa shule akaniruhusu kukaa benchi la nyuma katika kipindi chako cha asubuhi. Ulikuwa umevaa sketi ya kijivu. Ulifundisha kwa Kiingereza kama unavyotakiwa, na maswali yakaja kwa Kiswahili kama yanavyokuja siku zote.

Ubao wa darasa lile uko ukuta wa magharibi. Hilo ni muhimu, na siku ile mimi sikuliona. Ulichora mshale unaokwenda juu ukaandika kaskazini. Ukachora mwingine unaokwenda kulia ukaandika mashariki. Ndivyo vitabu vyote vinavyochora. Wanafunzi wakanakili. Kisha ukamwita kijana mmoja mrefu aliyevaa sweta lililotoboka viwikoni.

"Desideri, simama hapa katikati. Tembea hatua tano kuelekea mashariki."

Akasimama. Akautazama ubao, halafu akatazama dirishani.

"Nenda basi, unaogopa mashariki?" alisema aliyekuwa nyuma yake.

Desideri akaupa ubao mgongo. Akatembea kuja ukuta wa nyuma, akasimama karibu na benchi langu.

"Hapana," ulisema. "Mashariki. Tazama ubaoni."

"Madam, huku ndiko mashariki. Bonde la Rukwa liko huku. Jua linatokea huku."

"Ubaoni mashariki iko kulia."

Akatazama upande huo. Hakuwa na jeuri. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Alikuwa anatafuta kwa dhati. "Kulia kwa ubao ni barabara ya Mpanda, madam."

"Jamani," sauti ikatoka pembeni, "tukifuata mshale wa madam leo tunalala Mpanda."

"Nauli anatoa madam?" msichana mmoja akauliza.

Darasa likacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Wewe ulikuwa umeshika chaki mbele yako kama mtu aliyeshika mshumaa. Ukasema, "Keti chini, Desideri." Akaketi.

Jioni tulikaa mgahawani karibu na stendi. Wali wako ulipoa. Uliniuliza, "Nimekosea wapi, mama?"

Nilikujibu kama ninavyomjibu mwandishi kijana aliyezomewa kwenye mkutano. Nilisema msemaji anayesimama kwa kila kelele hamalizi. Nilisema mshale wa ubaoni ni mapatano ya vitabu vyote na hakuna haja ya kuutetea. Nilisema kesho ingia uendelee pale ulipoishia, na yule kijana usimrudie. Nilisema kwa sauti tulivu, na nadhani utulivu ule ndio uliokushawishi kuliko maneno yenyewe.

Ulinisikiliza. Hapo ndipo panaponisumbua.

Kesho yake nilikaa tena nyuma mpaka mapumziko, kabla ya kupanda gari la kurudi mjini. Ulifundisha kujumlisha vekta mbili kwa pembetatu, kisha kwa msambamba. Kila mtu alinakili. Hakuna aliyecheka. Desideri alichora mishale yake kwa rula, safi kabisa, na hakuinua kichwa kipindi kizima. Nilipanda gari nikijiambia kwamba nimeona darasa limetulia.

Watu wa ofisini husema mimi sibabaiki. Ni kweli, na kwenye redio ni jambo jema: umeme ukikatika, mgeni asipofika, ninaendelea kusoma. Lakini darasani niliona vijana wamenyamaza nikadhani wameelewa. Na nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kufanya kosa hilo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza namna ile.

Hili sikuwahi kukusimulia, si kwa kuficha, ila hukuniuliza na mimi sikuona lina maana. Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa fizikia alitukaririsha maana ya kazi: kani mara umbali. Tuliimba wote. Nikanyoosha mkono nikasema, mimi natoka nyumbani na ndoo ya maji kichwani, natembea mpaka shambani, nachoka. Kani ipo na umbali upo. Kwa nini basi mwalimu anasema anayebeba mzigo kwenye njia tambarare hafanyi kazi? Lilikuwa swali zuri. Leo najua jibu lake liko kwenye mielekeo: kichwa kinasukuma ndoo kwenda juu na miguu inakwenda mbele. Wewe ndiye uliyeniambia, hapa nyumbani, ukiwa mwaka wa kwanza chuoni. Yule mwalimu hakuniambia. Labda alikuwa amechoka, labda muda ulikuwa umekwisha. Alisema, "Keti chini, ndoo yako iache nyumbani." Darasa likacheka, nikaketi, na Kidato cha Tatu nikachagua historia na lugha.

Kazi niliyoipata baadaye naipenda. Sidai kitu kwa mtu yeyote. Nasema tu kilichotokea: niliondoka kwenye fizikia mchana ule, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Na nilipokuona Chala unamwambia mtoto wa watu keti chini, sikukumbuka. Nilikumbuka ndani ya gari tumeshapita nusu ya njia, na nikajiambia kwamba ni mambo tofauti.

Sasa nikupe habari usiyokuwa nayo.

Msimu huu wa mavuno nilikwenda tena Chala. Nilikuwa nimesimama nje ya ghala nikisubiri mtu wa ushirika aliyeniahidi mahojiano. Kijana akaja anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wewe si mama yake madam wa mshale?"

"Madam yupi?"

"Madam Gaudensia. Ulikaa nyuma ukawa unaandika. Tulijua ni mkaguzi."

Alikuwa Desideri. Amerefuka zaidi, sweta ni lilelile. Nilimuuliza habari za shule, akanieleza jambo ambalo wewe hukunieleza. Alisema wiki ya mwisho kabla hujaondoka uliwatoa nje wote, asubuhi, ukiwa na kopo la majivu uliyoomba jikoni. Ulimsimamisha katikati ya uwanja ukamwambia, "Nionyeshe bonde." Akanyoosha mkono. Ukamwaga majivu kufuata mkono wake, mshale mrefu chini. Kisha ukachukua daftari la mtu, lenye ule mshale wa ubaoni, ukaliweka juu ya nyasi, ukalizungusha polepole mpaka mashariki ya daftari ikalala sawa na mashariki ya majivu.

"Akasema karatasi ndiyo inayogeuka, dunia haigeuki," alisema Desideri. "Gasto akamwambia, mbona jiografia wametuambia inageuka, madam? Akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini."

"Halafu?"

"Halafu kila mtu akaambiwa atembee kutoka kwenye mshale mpaka darasani kwa njia anayotaka. Wengine tulizunguka choo, wengine tulipita bustanini. Akatuuliza nani ametembea umbali mrefu, tukabishana. Akatuuliza nani amehama zaidi kutoka pale alipoanza, tukabishana, mpaka tukaona wote ni sawa, kwa sababu wote tumetoka pale tumefika hapa." Akakaza kamba ya gunia. "Na aliniambia kitu mbele ya wote. Alisema, Desideri, siku ile ulikuwa sahihi, nikakuketisha."

Nilimuuliza amechagua masomo gani.

"Fizikia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kubishana tena."

"Na mwalimu wa sasa, anabishana?"

"Kidogo. Mchana, akiwa ameshashiba."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikukupigia simu siku ile kwa sababu ingenibidi niseme pia kwamba ushauri wangu wa mgahawani ulikuwa mbaya, na kwamba uliutupa bila kunitangazia. Ulifanya vizuri kuutupa. Ulifanya vizuri pia kutonitangazia, ningeupigania.

Wiki hii yote nimekusumbua na maksai. Nilitaka Jumatatu uanze na ng'ombe wawili wa babu yako kule Kate, Waziri na Tarishi. Ulikuwa mdogo ukiwaongoza mbele kwa kamba, babu ameshika plau nyuma, na Waziri anavuta kuelekea mahindi ya jirani kila mkifika mwisho wa shamba. Babu alikuwa anasema wale ni maksai wenye nguvu kuliko wote kijijini, na shamba lake ndilo lililochelewa kulimwa kuliko yote. Wote wawili walivuta kwa bidii. Walivuta pande mbili, na plau ikaenda katikati, kwa uvivu. Niliona huo ndio mfano bora wa kujumlisha kani ambao Mungu amewahi kuuweka Ufipa.

Jumatano ukanijibu, ukiwa unafunga mabegi. "Mama, watoto wa ziwani hawajalima na maksai. Nikianza na Waziri nitakuwa nimewapelekea ubao wa Chala."

"Sasa watavuta nini?"

"Sijui. Nitawauliza."

Nilinuna, kwa sababu mfano ulikuwa mzuri. Leo nauondoa. Maksai wabaki Kate.

Huko ziwani nimefika mara nyingi kikazi, na ninaweza kukueleza nilichokiona, si zaidi. Kijiji kimelala kati ya mlima na maji. Ukisimama ufukweni ukitazama ziwa, umetazama magharibi. Jua linazama ndani ya maji. Asubuhi linachelewa kuonekana kwa sababu lazima kwanza lipande mgongo wa mlima. Hakuna bonde upande wa mashariki. Kuna ukuta wa mawe na miti. Kwa hiyo mkono wa Desideri hautakusaidia huko, wala barabara ya Mpanda. Watoto wale wana pande zao na majina yao ya kuziita, na mimi siyajui. Nimewahi kuona wanaume wakivuta mtumbwi kutoka majini kwa kamba mbili, Waislamu na Wakristo pamoja, mmoja pembeni akiwapangia upande wa kuvuta na wao wakimtukana kwa utani. Nilipiga picha. Sikuwahi kushika kamba, kwa hiyo sikushauri uitumie. Huenda wanao mfano mwingine ambao sijauona.

Sasa hili la namba saba. Mkuu anahitaji kumi na tano, na nadhani hana ubaya. Madarasa yamemjaa, naye anagawa walimu kama mtu anayegawa blanketi moja kwa watoto wengi. Lakini somo likifungwa, linafungwa kweli. Mtoto wa kijiji kile anayetaka kuwa muuguzi, fundi mitambo, rubani, atakuta mlango umefungwa kabla hajajua kwamba kulikuwa na mlango. Utasikia hamu ya kuwavuta kwa ahadi: ajira, maksi rahisi, nafasi za chuo. Mimi nimeandika habari nyingi za watu walioahidiwa. Wanakuja wengi siku ya kwanza.

Wale saba wameichagua fizikia bila kuwa na mwalimu. Sijui kwa nini, na mkuu hakusema. Nilitega sikio nikidhani atalisema, hakulisema. Inawezekana hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Ungekuwa mwandishi wangu ningekutuma kwao kabla ya kwenda kwa wale waliokimbia.

Na kama Jumatatu mtoto atasimama katikati ya darasa, ubao unasema huku na yeye ameelekea kule, na wenzake wanacheka, usifanye kama ninavyofanya redioni. Nyamaza. Mwache asimame. Mfuate uone anakotazama. Muda utapotea, mada haitaisha, na pengine mkuu atakuwa anapita dirishani wakati huohuo akahesabu vichwa. Bado mfuate. Ulilijua hilo Chala ukiwa na kopo la majivu, kabla sijalijua mimi. Naliandika ili usije ukadhani lilikuwa kosa kwa sababu tu mama yako alisema vingine akiwa ametulia.

Ikiwa Ijumaa hawatafika kumi na tano, nitasikitika, na sitakuambia kwamba si kitu. Utafundisha jiografia, na utaifundisha vizuri. Lakini wale saba watakuwa wamepata wiki moja ya mtu anayewauliza wanaelekea wapi, na mwaka ujao kuna Kidato cha Tatu kingine.

Begi kubwa liko mlangoni. Kopo la maziwa ya unga lililokwisha nimeliosha nikaliweka juu ya nguo zako. Majivu utayapata hukohuko.

Basi linaondoka stendi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Baba yako atakusindikiza, mimi nitakuwa studio kwa taarifa ya saa moja. Ukifika Namanyere nitumie ujumbe kama mtandao utakuwepo. Jumatatu saa mbili asubuhi ni kipindi chako cha kwanza. Kabla hujachukua chaki, toka nje uone jua liko wapi. Ijumaa saa nane mchana mkuu anafunga uandikishaji, na hiyo idadi nitaichukua kwake mwenyewe, kama kazi yangu inavyotaka. Wewe nitakupigia baadaye, na nitakachokuuliza ni nani alisimama katikati ya darasa, na alielekea upande gani.

Ijumaa, saa tisa alasiri. Simu iwe na chaji.

Mama yako